Shajara ya sauti kwa mwenda kwa miguu: Tanga, Pangani hadi Mkwaja

Safari ya kwanza nilirudi na sauti za muda wa saa 9 kwenye simu. Nilikwenda siku sita kwa miguu, kutoka Tanga mjini kushuka Pangani hadi Mkwaja, na kila nilipoona kitu nilibonyeza kitufe chekundu. Nilipofika nyumbani Ngamiani nikaketi kusikiliza. Upepo. Upepo wa asubuhi, upepo wa adhuhuri, na katikati ya upepo mtu anahema na kusema, "Pazuri hapa, jamani, pazuri sana." Mtu huyo ni mimi. Katika saa zote hizo, kipande pekee nilichokirudia kilikuwa cha sekunde 40: fundi anakalafati mashua Kigombe, yaani anaziba nafasi kati ya mbao, tok-tok, tok-tok. Nacho nilikipata kwa bahati, simu ikiwa imelala juu ya gogo nami niko pembeni nakunywa maji.

Safari ya pili ilikuwa ya siku nane, nikarudi na dakika 80. Zote nimezisikiliza, na mama mdogo wangu amezisikiliza kunizidi. Haya ninayoyaeleza, jinsi ya kuweka shajara ya sauti, yaani kumbukumbu za kila siku unazorekodi badala ya kuandika, ni ya safari hiyo ya pili.

Hatua ya 1: Jua unamsimulia nani

Kabla ya kufikiria maiki, mchague msikilizaji. Awe mtu mmoja mwenye jina, anayekujua. Mimi namsimulia mama mdogo. Kazaliwa Pangani, macho yamepungua nuru, na magoti hayamruhusu tena kuvuka hata barabara mbili za Ngamiani. Msikilizaji wa namna hiyo ana faida moja kubwa: anauliza. Ukisema "nimefika kijijini," unamsikia kichwani akikukatiza, "Kijiji gani? Wamepika nini? Umelala kwa nani?" Basi unajikuta unayataja.

Ukiwasimulia watu wote kwa pamoja, utaanza kutangaza kama mtu wa redioni. Nimejisikia nikifanya hivyo, na sitaki kurudia.

Hatua ya 2: Vifaa

Simu janja uliyonayo inatosha. Rekoda ndogo ya mkononi ni bora zaidi, hasa ile ya betri za kubadilisha, lakini usikope pesa kwa ajili yake. Mimi nilibeba hivi:

- Simu yenye programu ya kurekodi inayokubali kuhifadhi kwa WAV.
- Pawabenki ya mAh 10,000. Namba hiyo isikudanganye. Umeme mwingine hupotea njiani, na kwa simu yenye betri ya mAh 5,000 utapata chaji moja na kitu, mbili kamili hazifiki.
- Hedifoni za waya. Hizi hazidai chaji.
- Flashi yenye vichwa viwili, kimoja cha kompyuta na kingine cha simu.
- Soksi nene ya sufi na kipande cha sponji ya godoro. Kazi yake inakuja.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani yake vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Hewa ya chumvi na jasho ndivyo vinavyoua simu pwani. Kuna wanaofukia simu kwenye mchele. Mchele acha upikwe, vumbi lake huingia kwenye tundu la chaja.
- Daftari na penseli.

Kwa nini WAV? Kwa sababu haibani sauti. Ukirekodi mono (njia moja ya sauti) kwa ubora wa 44.1 kHz na biti 16, dakika moja hula kama MB 5. Dakika 10 kwa siku, siku nane, jumla MB 400. Simu yoyote ya leo inazibeba. MP3 ya kbps 128 hula kama MB 1 kwa dakika, nayo inafaa kama nafasi imekubana kweli. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp tumia kuwaambia watu umefika salama, basi. Ule hubanwa mno. Mawimbi ya Pangani niliyoyatuma kwa njia hiyo yalifika kama mtu anakaanga mihogo.

Hatua ya 3: Upepo

Hapa ndipo safari yangu ya kwanza ilipoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba ni kusi, na anayeshuka kutoka Tanga kwenda Pangani anakwenda akiikabili kwa uso. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, nayo inakusukuma mgongoni. Maiki ya simu nyingi iko chini, jirani na tundu la chaja. Upepo ukipiga pale hautoi ule mlio unaousikia kwa masikio yako. Unatoa ngurumo, kama mtu anaburura gunia la nazi sakafuni, na hakuna programu itakayoiondoa yote baadaye. Ikishaingia imeingia.

Dawa yake ni hii. Upe upepo mgongo, simu ukiishika karibu na kifua, mwili wako uwe ukuta. Ivishe simu ile soksi, sponji ikae juu ya tundu la maiki. Nguo ya nailoni inayong'aa usiitumie, ikisuguana inalia. Kisha chutama: karibu na ardhi upepo hupungua nguvu, na nyuma ya mashua iliyopandishwa pwani au nyuma ya gofu hupungua zaidi.

Dawa kubwa kuliko zote ni saa. Alfajiri kuna umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara, na upepo wa bahari haujaamka. Sauti zangu nzuri karibu zote ni za kabla ya saa mbili asubuhi.

Mkono wako nao ni kelele. Vua pete na bangili, au afadhali usishike kabisa: laza simu juu ya kanga iliyokunjwa na uondoe mkono. Kama programu yako inaonyesha kipimo cha sauti, sehemu za juu ziishie karibu na −12 dB. Mtu akicheka ghafla au wimbi likipiga, utakuwa na nafasi ya kupumulia.

Haya yote yafanyie majaribio nyumbani mbele ya feni. Washa feni, sema sentensi tatu, sikiliza kwa hedifoni, geuka, rudia. Robo saa ya majaribio ingeniokolea siku sita.

Hatua ya 4: Maji kwanza, kisha ratiba

Anayekwenda ufukweni huongozwa na maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Nilipanga kuondoka saa mbili kabla ya kupwa na kumaliza saa mbili baada yake, mchanga ukiwa mgumu chini ya mguu. Muda wa kurekodi ukaja wenyewe: kabla ya kuondoka, katikati ya njia, na baada ya kufika.

Usidhani njia yote ni mchanga. Kutoka Tanga hadi Tongoni, kama kilomita 20, mikoko na mikono ya bahari itakulazimisha kushika barabara, na mashamba ya mkonge yako na wewe. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 kwa jumla. Kuvuka mto kwenda Bweni nilipanda pantoni.

Vipande vyangu ni vinne kwa siku, wala siongezi:

*Alfajiri, dakika 2.* Kabla hujasema na mtu, hata salamu. Sauti yako bado ni nzito na ndoto bado ipo karibu.

*Njiani, dakika 2.* Rekodi ukiwa umechoka, usingoje upumzike. Ukishakunywa maji na kukaa kivulini utaanza kuipamba habari.

*Mtu mmoja, dakika 3.* Au kazi ya mtu. Angalia hatua ya 6.

*Usiku, dakika 3.* Hesabu ya siku: umetoka wapi, umefika wapi, umekula nini, umelipa nini, mguu una nini.

Jumla dakika 10. Utashawishika kuongeza. Siku ya tatu, karibu na Pangani, niliona pomboo na nikakaribia kuvunja sharti. Pomboo hawana mlio unaofika ufukweni. Ningerekodi kelele zangu mwenyewe za kushangaa. Nikawaandika kwenye daftari: "pomboo, wanne au watano, saa tatu kasoro."

Hatua ya 5: Mahali paseme kabla yako

Bonyeza, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 20. Acha mahali penyewe pajitambulishe: kunguru, adhana ya msikiti wa mbali ikifuatwa na wa karibu, mtu anayekuna nazi. Baada ya hapo ndipo useme siku, saa na mahali, halafu maneno yako.

Kuhusu saa kuna mtego wa kwetu. Simu itaandika faili 06-30, wewe mdomoni umesema saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baada ya miezi mitatu utakaa unapiga hesabu kama mtoto wa darasa la pili. Mdomoni sema kwa Kiswahili chako na utaje "asubuhi" au "usiku" kila mara, usiache. Jina la faili liachie simu.

Ukianza kusema, sema vitu. Idadi, majina, rangi, bei. Hiki ni kipande cha alfajiri ya Kigombe, kama kilivyo:

"Mama mdogo, leo Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niko Kigombe. Ngalawa saba zimerudi. Bwana mmoja ana changu wanne kwenye ndoo ya rangi, anasema usiku kulikuwa na mwezi, samaki wamegoma. Kiatu cha kushoto kimenibana kidole, nimekata soksi. Nimekula mhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi."

Hakuna "pazuri" hata moja, na mama mdogo alipaona.

Pale Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, sikusema kitu. Nilichukua dakika 2 za ukimya. Kila mahali pana ukimya wake, na wa pale una majani makavu, ndege na baiskeli ya mbali barabarani. Siku ukitaka kuunganisha vipande nyumbani, ukimya wa mahali husika ndio gundi. Ukiunganisha bila huo, sikio linashtuka kila unapokata.

Hatua ya 6: Sauti za watu wengine

Safari ya pili nilimrudia yule fundi wa Kigombe, maana zile sekunde 40 za kwanza nilizichukua bila kumwambia, na jambo hilo lilinikaa vibaya.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba."

"Naomba nichukue mlio wa nyundo yako."

"Mlio tu? Sura huitaki?"

"Mlio tu, fundi."

Akacheka, akawaambia vijana wake, "Huyu kaja kuchukua makelele." Kisha nilipowasha simu akaweka nyundo chini, akajinyoosha, akaanza, "Mimi kwa jina naitwa..." Watu wengi watakufanyia hivyo. Ukiwaonyesha simu wanavaa sauti ya mkutanoni. Usibishane nao, acha wamalize, shukuru, kisha ulizia kazi. Niliuliza kwa nini anapiga mara mbili mbili. Akachukua nyundo ili anionyeshe, na hapo sauti yake ikarudi. Anasukumia pamba yenye mafuta kati ya mbao mbili. Mwanzo nyundo inalia bubu, kwa sababu pamba bado imelegea. Ikishashiba, mlio unapanda. "Sikiliza," akasema, akapiga. Tok. Akapiga tena pale pale, na kweli, ule wa pili ulikuwa mwembamba zaidi. "Hapo nahama." Anakalafati kwa sikio. Mimi safari ya kwanza nilidhani tok-tok ni tok-tok.

Taratibu ninazozifuata sasa:

Salamu, kisha ruhusa, kisha simu. Kwa mpangilio huo. Mtu akisita, chukulia amekataa. Ukimaliza mwache asikilize kwa hedifoni zako; wengine watasema "futa," nawe ufute mbele yake. Watoto, omba kwa wazazi wao. Mazishi, unyago, mambo ya uganga na ibada, zima simu. Penye ulinzi, kama bandarini na kambini, usiitoe kabisa. Majina kamili na namba za simu za watu usiziache ndani ya sauti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria, sauti ya mtu ni ya mtu.

Na sauti za kazi kama ile zichukueni. Mwaka 1874 Chuma, Susi na wenzao walifikisha Bagamoyo mwili wa bwana wao, msafiri na mmisionari Livingstone, baada ya miezi kama tisa ya safari, na mmoja wao, Jacob Wainwright, aliandika shajara njiani. Kwa hiyo maandishi tunayo. Sauti za msafara ule, wa mbele akiimba na wa nyuma wakiitikia, hatuna hata punje; mashine ya Edison ya kunasa sauti na kuirudia ilitoka 1877, miaka mitatu baadaye. Wewe mashine unayo mfukoni.

Hatua ya 7: Kila usiku, kabla ya kulala

Sikiliza sekunde chache za kila kipande, mwanzo na katikati. Ukikuta maiki ilizibwa na mchanga, bora ujue leo. Tundu lisafishe kwa brashi laini ya meno iliyo kavu, pini usiingize.

Andika kwenye daftari mstari mmoja kwa kila kipande: siku, mahali, kilichomo. Kisha nakili kwenye flashi, na flashi ikae kwenye begi tofauti na simu. Mimi nilikuwa naiweka kwenye soksi chafu, mahali ambapo mwizi hatafuti.

Chaji: weka simu kwenye hali ya ndege mchana kutwa. Kurekodi hakuhitaji mtandao, na betri hudumu zaidi. Vijijini maduka hukuchajia kwa pesa kidogo, lakini simu yenye shajara usiiache peke yake dukani. Peleka pawabenki.

Hatua ya 8: Mahali pa kusimama

Mimi husimama Mkwaja. Kusini ya hapo ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yenye simba na tembo, na ufukwe wake si wa kukatiza kwa miguu peke yako na hedifoni masikioni. Ukitaka kufika Bagamoyo, panda gari na ufuate utaratibu wa hifadhi. Kwa kweli hedifoni usizivae popote unapotembea. Barabarani lori la mkonge halitakusubiri.

Hatua ya 9: Nyumbani

Ndani ya wiki moja, kaa usikilize zote kwa mfululizo, daftari mkononi. Usikate kitu bado. Nakala halisi za WAV ziweke mahali pawili na usiziguse tena. Kazi ya kukata ifanyie kwenye nakala. Programu ya kompyuta iitwayo Audacity ni ya bure na inatosha. Kama kuna ngurumo ya upepo iliyobaki, chuja sauti nzito zilizo chini ya Hz 80 hadi 100. Hiyo hupunguza, haitibu. Sauti yako isafishe kwa kiasi. Pumzi na kikohozi acha, ndizo zinazoonyesha kilima.

Kisha mpelekee yule uliyemsimulia. Mimi nilikaa na mama mdogo barazani, spika ndogo katikati yetu, bakuli la kashata pembeni. Nilidhani atapenda hadithi zangu. Kwenye hadithi zangu alikuwa akisema "enhe, enhe," huku akitafuna. Tulipofika kipande kimoja cha alfajiri, sikumbuki hata kwa nini nilikiacha, hakuna aliyesema kitu, kuna vimlio tu vidogo vingi, pak, pak-pak, kama mvua inayoanza kwenye bati la mbali. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika "mvua?"

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha.

"Hiyo si mvua. Hayo ni matope ya mikokoni, maji yanapwa. Vidude vya ndani vinalia. Sisi tulikuwa tukiyasikia hivyo ndipo tunachukua vikapu." Akanyamaza kidogo. "Rudisha tena."

Nimefuta "mvua?" Faili sasa linaitwa *mikokoni-maji-yanapwa-vikapu*.